Kung'oa lantana na wenzake Karura: soma hii kabla hujabeba panga

Kila mtu anapenda kupanda mti. Tarehe 13 Novemba 2023 serikali ilitupatia hadi likizo ya kupanda, nchi nzima tukatoka na miche, na ule mpango wa miti bilioni 15 kufikia 2032 bado unasukumwa, sawa, hakuna ubaya. Lakini ita watu waje wainame asubuhi nzima ndani ya kichaka cha lantana, lile gugu la kigeni, mikono imechunwa, jasho machoni, na wakimaliza hakuna mche wa kupiga nao picha, kuna uwazi tu na rundo la matawi, uone wangapi watatokea. Na hiyo ndiyo kazi misitu yetu ya Nairobi inalilia, kwa sababu sehemu nyingi hazikosi mbegu, mti wetu wa mukinduri unaangusha zake, ndege na kima wanasambaza zingine, shida ni kwamba mche ukitoka chini unakuta giza la lantana.

Hii nimeandika nikifikiria Karura maana ndiyo naijua, lakini kama uko karibu na Ngong Road Forest, Arboretum, Oloolua ama msitu mwingine wowote wa huku juu, mengi yanafanana. Nimewaandikia watu wa estate, vijana wa kanisa, chama, wanafunzi, na pia nyinyi wa makampuni mnaokuja na tishati mpya (karibuni sana, lakini someni mpaka mwisho).

Kwa wasioijua vizuri, Karura ni hekta elfu moja na kidogo katikati ya jiji, ilitangazwa msitu wa serikali 1932, na kama si Wangari Maathai na wenzake kusimama pale 1998 hadi wakapigwa na majamaa wa kukodiwa Januari 1999, saa hii tungekuwa tunaongea kuhusu maghorofa. Baadaye kukawa na ile miaka hakuna mtu alikuwa anaingia peke yake kwa roho safi, mpaka jamii ikaunda Friends of Karura 2009 wakafanya kazi na KFS, shirika la misitu la serikali, ua wa umeme ukazungushwa, na kuanzia 2011 watu wakaanza kuja na watoto na baiskeli. Kitu wageni hawaoni ni kwamba sehemu kubwa ya msitu huo ilikuwa imefyekwa miti ya asili zamani ikapandwa mikaratusi na miti mingine ya kigeni, kwa hivyo kila mahali palipofunguliwa, magugu yalipata mlango.

Ruhusa kwanza, panga baadaye

Usiingie msituni na panga eti unasaidia. Sheria ya misitu ya 2016 haikuruhusu kukata wala kutoa kitu kwenye msitu wa serikali bila kibali, na skauti, yaani mlinzi wa msitu, akikukuta hatasikiliza hadithi ya lantana, na kusema ukweli yuko sawa, maana hata anayeiba kuni ama kutoa maganda ya miti ya dawa husema anafanya usafi. Tafuta chama cha jamii cha msitu huo, wengi wanaita CFA, kwa Karura ni Friends of Karura, kwingine nenda ofisi ya forester uulize ni akina nani. Waambie mko wangapi, mna umri gani, mna vifaa gani, na mnataka kurudi mara ngapi. Hiyo ya mwisho ndiyo itawafanya wawachukulie serious. Kikundi cha watu kumi wanaoahidi kurudi kila mwezi kwenye kipande kimoja kina faida kuliko watu mia mbili wa siku moja, na mtu yeyote aliyefanya kazi msituni atakwambia hivyo hivyo.

Mkikubaliana, ombeni mpewe kipande chenu. Kidogo. Mita ishirini kwa ishirini inatosha kabisa kwa watu kumi kuanza nayo. Najua inaonekana ni kama matusi ukiangalia msitu ulivyo mkubwa, lakini subiri.

Jua gugu, na jua lile linalofanana na gugu

Lantana camara kila mtu anaijua, ile ya ua wa jirani, maua madogo yamejikusanya pamoja, njano na pinki ama chungwa na nyekundu, ukisugua jani linatoa harufu kali. Ilitoka Amerika ya kitropiki ikaletwa kama ua la kupendeza tu. Shina lake la pembe nne lina vimiba, majani yanakaa mawili mawili yakitazamana, na matunda yakiiva yanakuwa meusi yenye rangi ya bluu ndani yake. Ndege wanayapenda na wanaenda kuyapanda kila mahali watakapotua, na kichaka kimoja kikubwa kinaweza kuzaa matunda mpaka elfu kumi na mbili kwa mwaka. Ng'ombe na mbuzi wakila majani yake ini linaharibika na ngozi inaanza kuungua juani, mfugaji yeyote atakusimulia. Na ardhi iliyo chini yake huwa tupu hivi, kwa sababu mbali na kivuli inatoa kemikali zinazozuia mimea mingine kuota.

Sasa shida. Kuna lantana yetu wenyewe, Lantana trifolia, Wakikuyu wanaiita mukenia, na vikundi vingi huwa vinaing'oa pamoja na ile mbaya. Angalia majani: ya mukenia mara nyingi yanatoka matatu matatu mahali pamoja kwenye shina, maua ni ya zambarau ama pinki peke yake, na matunda ni ya zambarau yamepangana kwenye kishikizo kirefu. Hiyo iache. Iache pia thabai, hata kama imekuwasha mpaka umetukana, ni ya hapa na mama zetu wanaipika. Muthiriti nao unanukia karibu kama lantana ukipita ukaugusa, na watu wanaufyeka kwa kufuata pua.

Sestramu, ama Cestrum aurantiacum kwa jina la vitabu, ni ile yenye maua ya rangi ya chungwa marefu kama vibomba vidogo, halafu inazaa matunda meupe laini. Limuru na Kiambu huko watu waliipanda ua. Ni sumu kwa ng'ombe. Inachipuka kutoka mizizi bila huruma.

Solanum mauritianum ni mti mdogo wa jamii ya sodom apple na viazi, unatoka Amerika Kusini, majani makubwa ya kijivu yenye manyoya, maua ya zambarau, matunda ya njano yamejikusanya. Hayo manyoya ndiyo shida, ukiyatingisha vumbi lake linaingia kooni utakohoa siku nzima, kwa hivyo barakoa. Mche wake mdogo unaweza kukuchanganya na mutundu, ambao ni mti wetu na ni wa maana sana kwa kufunika mahali palipoachwa wazi. Ukiwa na shaka, usikate. Hii sheria iandikwe kwenye paji la uso: ukiwa na shaka funga utepe, uliza, usikate.

Halafu kuna ule mwiba wa Mauritius, Caesalpinia decapetala, unaopanda juu ya miti kwa miiba iliyopinda kama ndoano, maua ya njano. Ulipandwa ua wa boma kwa sababu hata mwizi hapiti. Hata wewe hupiti. Na muwati (black wattle), ambao watu wengi hawataki kusikia ukiitwa gugu kwa sababu ni kuni nzuri, lakini mbegu zake zinakaa kwenye udongo miongo kadhaa zikisubiri moto ama mwanga.

Kabla ya kazi kuanza, chukueni nusu saa mtembee kwenye kipande chenu bila kifaa chochote mkononi isipokuwa utepe wa rangi kali. Kila mche wa asili mtakaoona umefichwa humo ndani, mukinduri, murarachi, mutamaiyu, muiri, muhugu, fungeni utepe. Mtashangaa vile iko mingi. Muhugu hasa, huo unakua polepole sana na sehemu nyingi wachonga vinyago walishaumaliza, sasa fikiria mche wa muhugu umevumilia giza la lantana miaka yote hiyo halafu mtu wa kujitolea anakuja kuufyeka na slasha akiwa na furaha. Ndiyo maana slasha mimi siitaki kabisa kwenye kipande. Slasha haina macho.

Usianzie pale pabaya zaidi

Hapa ndipo nitagombana na watu. Kikundi kikifika msituni, moja kwa moja kinavutwa na ule ukuta mkubwa wa lantana karibu na njia, kwa sababu unaonekana, na ukiuangusha picha za kabla na baada zinatoka kali sana. Msifanye hivyo. Mkifungua mahali pakubwa palipojaa lantana tupu, chini hakuna kitu cha asili kilichobaki, udongo umejaa mbegu za lantana, na nyinyi mmeuchimbua na kuupatia jua. Mvua ikinyesha, unajua ni nini kitaota.

Kule Sydney, Australia, kulikuwa na dada wawili, Joan na Eileen Bradley, miaka ya 1960 walianza kusafisha vichaka karibu na kwao na wakagundua kufanya kinyume: unaanzia pale msitu uko mzima kabisa, magugu machache yamejipenyeza, unatoa hayo machache. Halafu unasogea taratibu kuelekea pabaya. Unasumbua udongo kidogo iwezekanavyo, na majani yaliyoanguka unayarudisha yalipokuwa. Na kasi inaamuliwa na msitu, si wewe, yaani husogei mbele mpaka mimea ya asili iwe imeanza kufunika pale ulipotoka. Mbinu hiyo inajulikana kwa jina lao mpaka leo, na nakwambia kwa hali ya huku kwetu ambapo mikono ni michache na lantana ni nyingi, sijaona kitu chenye akili kuiliko.

Kwa hivyo kipande chenu cha mita ishirini kiwe na upande mmoja unaogusa msitu mzuri. Anzieni hapo. Kama forester ama kiongozi wa CFA amewapeleka kwenye ukuta wa lantana kwa sababu mko wengi na ni siku ya kampuni, muombeni kwa heshima awape ukingo wa ule ukuta, pale unapoanza kuingilia miti, mkate kutoka ndani ya miti kuelekea nje. Wengi wanaelewa ukiwaeleza, wao wenyewe wamechoka kufyeka mahali pamoja kila mwaka.

Kando ya mto ni kesi yake. Karura inapitiwa na mito, Ruaka, Getathuru, na kingo zingine zimeshikwa na lantana tu, ukiing'oa yote kwa siku moja kabla ya mvua ndefu unapeleka udongo wote mtoni. Toa kipande, ruka kipande, ngoja kilichotolewa kipate mimea, halafu rudi kwa kile kilichobaki.

Lantana inang'olewa hivi

Kukata lantana juu juu ni kama kunyoa ndevu, inarudi, na inarudi nene zaidi. Pale kwenye shingo ya mzizi, chini kidogo ya udongo, ndipo machipukizi yanatokea, na ukikata juu ya hapo umeipogoa tu.

Miche midogo, chini ya goti, ng'oa na mkono. Fanya hivyo udongo ukiwa na unyevu, wiki moja mbili baada ya mvua kuanza ni wakati mzuri sana, Aprili ama Novemba hivi. Shika chini kabisa karibu na udongo, vuta polepole ukiwa unaitingisha, usikwanyue maana mzizi utakatikia ndani. Gonga udongo urudi kwenye shimo, kanyaga, funika na majani makavu. Hii ndiyo kazi ya watoto na wazee, na ndiyo kazi muhimu kuliko zote ukiniuliza, kwa sababu kila mche mdogo uliong'olewa leo ni kichaka ambacho hutapigana nacho miaka mitatu ijayo.

Vichaka vikubwa ndivyo vinahitaji mpango. Kwanza watu wawili wenye mkasi mkubwa wa matawi ama panga kali wanapunguza matawi ya nje, wakianza na yale yenye matunda, hayo yanaingia kwenye gunia moja kwa moja, hayaburuzwi msitu mzima yakimwaga mbegu. Wakifika ndani mpaka shina linaonekana, wanaliacha na urefu wa kama mita moja hivi, hiyo ndiyo mpini wenu. Sasa anaingia mtu wa sururu. Anafukua udongo kidogo kuzunguka shina mpaka aone mzizi mkuu, halafu anaukata sentimita tatu mpaka tano chini ya pale machipukizi yanapotokea, ile sehemu nene yenye mafundo. Mwenzake anavuta kile kipini huku na huku, kinatoka. Hauhitaji kuchimba shimo kubwa wala kutoa mizizi yote ya pembeni, hiyo midogo iliyobaki chini itaoza. Mbinu hii ya kukata shingo ya mzizi iliandikwa vizuri na watu wa India, Profesa C. R. Babu na wenzake wa Delhi, walipokuwa wakipigana na lantana kwenye hifadhi ya Corbett, na faida yake kubwa ni kwamba udongo unabaki umetulia.

Halafu, na hii wengi wanasahau, kile kichaka kilichotoka kipindue. Mizizi juu, matawi chini, kikae juu ya kichaka kingine kilichopinduliwa ama juu ya jiwe. Ukikiacha kimelala na shina linagusa udongo mbichi, lantana ina uwezo wa kutoa mizizi mipya kwenye shina na kuendelea na maisha kama hakuna kilichotokea. Kabla hamjaondoka angalieni kila shina lililo chini.

Vifaa: sururu, jembe la meno, panga, mkasi wa matawi, msumeno mdogo, na tupa ya kunolea ikae na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kunoa tu. Panga butu linachosha na ndilo linaloumiza watu. Glavu za ngozi, sio zile za pamba za soko ambazo mwiba unapita kama hakuna kitu.

Na dawa? Kila mara kuna mtu anauliza mbona tusipulize tu. Watu wa kujitolea wasishike dawa ya kuua magugu msituni, basi. Kuna mito, kuna nyuki, kuna miche ya asili imejificha humo humo, na kuna sheria kuhusu nani anapuliza nini. Kama kuna visiki vya muwati ama solanamu kubwa ambavyo vimewashinda, hiyo ni kazi ya wafanyakazi waliofunzwa wa msitu na wataamua wenyewe. Kuna pia wanaouliza kuhusu kuleta wadudu wa kula lantana. Ilishajaribiwa Afrika Mashariki, kuna mdudu anaitwa Teleonemia, alipofika Uganda miaka ya 1960 akaonekana kwenye simsim pia. Hiyo mambo iachieni maabara.

Wale wengine

Sestramu unaichimba na mizizi yake, hakuna njia ya mkato, ukiacha kipande cha mzizi mnene itachipuka. Fanya udongo ukiwa laini na usichukue eneo kubwa.

Mwiba wa Mauritius usiuvute kutoka juu ya mti. Utakuangukia, na utavunja matawi ya mti uliotaka kuuokoa. Kata kila shina kwenye kiuno, kata tena chini karibu na udongo, toa kile kipande cha katikati ili uone wazi umekata yote, halafu ile ya juu iache ikaukie huko huko mtini. Mzizi unachimba. Mikono mirefu, miwani ya kukinga macho, na watu wachache wenye uzoefu, sio siku ya familia.

Muwati mdogo unang'oka na mkono. Mkubwa wanaumenya gamba kuzunguka shina mpaka chini kabisa unakufa umesimama, lakini ombeni ruhusa ya huo peke yake, mti kukauka kando ya njia ya watu ni hatari.

Tithonia, yale maua makubwa ya njano kama alizeti, ng'oa kabla haijatoa mbegu. Majani yake wakulima wa Western wanayatumia kama mbolea maana yana naitrojeni nyingi, kwa hivyo mkiruhusiwa kuyatoa msituni peleka shamba.

Matawi yanaenda wapi

Msichome. Moto msituni hapana, na mbegu za muwati zinapenda moto. Rundo moja kwa kila kipande, mahali pamoja, si marundo madogo madogo kila kona yaliyolalia miche. Matunda kwenye gunia, gunia lifungwe na kukaa juani mpaka kila kitu kimeoza ndani, ama CFA waseme linaenda wapi. Mashina makavu ya lantana ni kuni sawa tu, na kina mama wa vijiji vya jirani wenye kibali cha kuokota kuni wanaweza kuyachukua, ongeeni nao mapema badala ya kuwashtukiza na rundo. Wengi wao pia wanajua miti kuliko nyinyi wote mkiwekwa pamoja, kwa hivyo mkipata mama mmoja wa kuwatembeza ile nusu saa ya kufunga tepe mmeomoka.

Msiumizane

Mita tatu kati ya mtu na mtu mwenye panga ama sururu, na hakuna kupitisha kifaa kwa kurusha. Gambuti ama viatu vigumu, suruali ndefu iliyoingizwa kwenye soksi, maana kupe wapo na siafu hawabishi hodi. Kabla ya kukata kichaka kikubwa, kitingishe na fimbo ndefu, sikiliza, zunguka. Nyuki wakisikika, rudini nyuma kimya kimya mhamie kwingine, na mwenye mzio wa nyuki aseme asubuhi kabla hamjaingia. Nyoka akionekana apewe njia. Kiota chenye mayai ama makinda, kichaka hicho kiachwe mpaka mara nyingine, lantana haikimbii. Watoto wasionje yale matunda, mabichi hasa. Maji mengi, chai na mandazi saa nne, na saa sita mmeshatoka, mtu akichoka ndipo panga linateleza.

Kila watu kumi wawe na mmoja asiyekata chochote. Yeye anatembea tu akiangalia tepe na vidole. Kwenye siku za kampuni huyu ndiye anaokoa mambo, kwa sababu watu wa ofisini wakishika panga kwa mara ya kwanza wanaanza mashindano, timu ya mauzo dhidi ya timu ya fedha, na ndani ya dakika ishirini tepe zote ziko chini na miche yake.

Kurudi

Mbegu za lantana kwenye udongo zinaendelea kuota miaka kadhaa baada ya mama yake kuondoka. Kwa hivyo ile siku ya kwanza ya jasho na picha ndiyo rahisi kuliko zote. Ratiba ninayoipendekeza ni hii: rudini baada ya wiki sita mpaka nane kung'oa vichipukizi na visiki vilivyokataa kufa, halafu kila baada ya mvua kushika, yaani mvua ndefu na mvua fupi, mwaka wa kwanza na wa pili bila kukosa, baadaye mara moja ama mbili kwa mwaka mkitembea tu na glavu. Safari hizi hazihitaji watu wengi. Watu wanne kwa saa mbili wanamaliza, na hawahitaji hata sururu. Kama kikundi chenu hakiwezi kuahidi hizo safari, basi msifungue kipande kipya, muombeni CFA iwapeleke kwenye kipande kilichofunguliwa na kikundi kingine kikaachwa, viko vingi, na mtafanya kazi nzuri zaidi hapo kuliko kuanzisha kidonda kingine.

Kampuni ambazo zina bajeti, haya ni yenu: badala ya kulipia tishati na tenti, lipieni mishahara ya vijana wa vijiji vya karibu warudi kwenye kipande hicho miaka miwili. Afrika Kusini walianza mpango wa serikali wa kulipa watu kung'oa magugu tangu 1995, unaitwa Working for Water, na jambo moja unalojifunza kwao ni kwamba pesa ya kurudi inapangwa mapema, pamoja na ya kuanza.

Wekeni kumbukumbu hata kama ni kwa daftari la shule. Mtu mmoja apige picha kutoka mahali pale pale kila mkirudi, chomekeni kijiti kilichopakwa rangi ili msibishane ilikuwa wapi. Andikeni tarehe, watu wangapi, saa ngapi, na hesabuni miche ya lantana iliyoota kwenye mita moja mraba pale katikati, na miche ya asili kwenye mita hiyo hiyo. Namba hizo mbili zikianza kupishana, ya lantana inashuka na ya asili inapanda, ndipo sasa mnasogea mita chache kuelekea ule ukuta.

Na kupanda je? Msikimbilie. Ngojeni misimu miwili ya mvua muone ni nini kinaota chenyewe, mara nyingi mukinduri na mutundu vitawashangaza. Pale pasipoota kitu ndipo mnapanda, miche ya asili kutoka kitalu cha msitu huo huo, mvua ikiwa imeshika kabisa na udongo umelowa mpaka chini ya jembe. Mvua ya Oktoba ikichelewa, miche ikae kitaluni na nyinyi muendelee kung'oa vichipukizi mpaka inyeshe.